Nchi yako ianze na mto

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unataka kucheza vita vya leo mezani kwa sanamu ndogo za askari, vita vya pikapu na makombora, lakini hutaki kuchezea vita ambavyo watu bado wanazika ndugu zao. Niko nawe kabisa. Kuna vita ambavyo sitaviweka mezani hata nikipewa sanamu zake bure. Basi tunga nchi. Wala si jambo geni: mwaka 1826 watoto wa familia ya Brontë, kule Uingereza, waliletewa sanduku la askari wa mbao, na michezo yao ikaja kuzaa falme nzima za kubuni, Angria na Gondal. Jeshi la Marekani lenyewe, likiwa mazoezini Fort Irwin, hupigania nchi isiyokuwepo iitwayo Atropia, dhidi ya jirani yake Donovia.

Naona umeanza kwa kuorodhesha vifaru. Viache kwanza. Anza na ramani, na kwenye ramani tafuta kitu kimoja ambacho nchi mbili haziwezi kukigawana kwa amani. Mimi ningechora mto. Kwenye chanzo chake iko Zerani, yenye milima na bwawa la umeme; kwenye mlango wake iko Molveta, yenye mashamba na bandari. Zerani ikifunga bwawa, mpunga wa Molveta unakauka. Molveta ikifunga bandari, Zerani haipati mafuta. Hapo kila upande una dai la haki, na mchezaji yeyote anaweza kukaa upande wowote akapigana kwa moyo. Nchi ya kubuni yenye watu wema huku na majambazi kule hunichosha upesi.

Ugomvi ukishapatikana, silaha zitakuja zenyewe, kwa sababu ghala la silaha ni kumbukumbu ya nani alikuwa rafiki wa nani. Tuseme Molveta ilikuwa na urafiki na Moscow miaka ya 1970: basi ina vifaru vya T-55 vyenye mzinga wa milimita 100, na askari wake wanabeba RPG-7, kirusha roketi cha begani. Mwaka 1991 Umoja wa Kisovyeti ukavunjika, mikopo ikakatika, vipuri vikaadimika. Kwa hiyo vifaru vinavyowaka injini leo ni vichache, na mezani viwili vitakutosha. Umeona jinsi historia inavyookoa mfuko wako! Zerani ipe magari ya deraya ya Kifaransa, AML-90, yenye tani tano na nusu tu na mzinga wa milimita 90. Iongezee pikapu. Usidhani pikapu ni kitu cha kukanyagwa na kifaru: mwaka 1987 majeshi ya Chad yaliyashinda majeshi ya Libya yenye vifaru, yakitumia pikapu za Toyota, makombora ya MILAN ya kupigia vifaru, na mwendo wa kasi.

Sasa umbali, jambo ambalo wengi hulipita. Sanamu zako ni za kipimo cha 1:72, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72. Meza ya mita 1.8 kwa 1.2 kwa kipimo hicho ni uwanja wa mita 130 kwa 86 hivi. Bunduki ya askari wa leo hulenga vizuri hadi mita 300, yaani zaidi ya mita nne kwa kipimo cha sanamu zako. Risasi inavuka meza na kutoka nje ya chumba. Ukiweka uwanda mtupu, pigano linakwisha kabla askari hajainua mguu. Sheria nyingi za michezo hii hufupisha masafa, na sina ugomvi nazo, ila afadhali nchi yenyewe ikusaidie: maghala, kuta, vichochoro, makontena yaliyopandana. Ndiyo sababu nimeipa Molveta bandari. Pigano la kwanza ningeliweka hapo, kikosi kidogo cha Zerani kikiingia usiku kuchukua malori ya mafuta yaliyozuiwa.

Na raia wawepo, tafadhali. Hili nalisisitiza kuliko yote. Weka dereva aliyejificha chini ya lori lake, wapakuzi wa mizigo, mwandishi wa habari na kamera yake. Mwisho wa kila raundi rusha dadu, wakimbie kutoka kwenye mlio wa karibu zaidi. Raia akiumia, aliyefyatua apoteze pointi nyingi kuliko anazopata kwa kuteka ghala, na katika pigano linalofuata nchi inayomuuzia risasi imnyime. Bila sheria hiyo kila dirisha litapigwa kombora. Ukiwa nayo, mtu atafikiri mara mbili kabla ya kurusha dadu.

Bendera na rangi za sare chagua unavyopenda. Majina tu yasifanane na kabila, dini au taifa lililopo. Mtu asije akakaa mezani akakuta watu wake wamefanywa adui. Historia usiiandike yote. Acha nusu ya ramani tupu, kisha kila baada ya pigano uandike daftarini nani alishinda na daraja gani lilivunjika.

Nitumie vipimo vya meza yako na idadi ya majengo uliyonayo, nichore bandari itakayoenea. Niambie pia unashika upande gani. Mimi natamani Zerani.

Wako katika urafiki.