Turudishe wapiga karindula mu ndoa zetu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niongelee muziki wa ndoa zetu hapa Lubumbashi, maana sasa imezidi. Unaingia mu sale ya fete, sono inapiga mpaka kifua kinatetemeka, diji ameweka flash yake, wazee wamekaa pembeni hata salamu hawasikilizani. Wapiga karindula, ile gita yetu kubwa ya pipa, wakialikwa wanapewa nyimbo mbili wakati watu bado wanatafuta viti, kisha wanaambiwa asanteni, basi.

Muangalie Waromania. Wapigaji wao wa ndoa wanaitwa lăutari, wengi ni Waroma (si watu wa mji wa Roma, ni wale wanaoitwa pia Wajipsi), watu ambao mababu zao walikuwa watumwa kule Moldavia mpaka 1855 na Wallachia mpaka 1856, inchi za zamani za Waromania, na kazi hiyo baba anamuachia mtoto. Wana violini, akordeoni, besi, na țambal, sanduku bapa lenye nyuzi nyingi linalopigwa na vijiti viwili. Na hawabaki jukwaani, wanakuja mpaka kwa meza yako, unaomba wimbo unaoupenda, unatuza, wengine wanambandika mpigaji noti kwenye paji la uso, yaani sawa na sisi kabisa! Halafu watu wanashikana mikono wanazunguka mu ngoma ya hora, bibi na mjukuu mu duara moja.

Kulikuwa na mzee wa kijiji cha Clejani, Nicolae Neacșu wa kundi la Taraf de Haïdouks, alikuwa anafunga unywele wa farasi kwenye uzi wa violini na kuuvuta kwa vidole, polepole, violini inalia. Flash gani itafanya hivyo?

Ni kweli hata kwao vinanda vya umeme na manele, muziki wao wa kisasa wa kuchezea, vimejaa, na kuna wanaovichukia sana. Lakini mpigaji anakuona usoni, mama ya bibi arusi akisimama kucheza anamrudilia wimbo palepale mpaka achoke mwenyewe.

Na sisi tuko nayo! Karindula, pipa na ngozi ya mbuzi na nyuzi nne, inatikisa Katuba nzima. Gita ya Katanga ya Mwenda Jean-Bosco watu wa mbali wanajifunza mpaka leo. Rumba yetu UNESCO iliiandika mu orodha ya urithi wa utamaduni 2021. Sasa kwa nini sono tunailipa dola na wapigaji tunawapa soda?

Wazazi wenye ndoa mwaka huu, nawaomba sana, muwape wapigaji wa mtaa wakati wote wa chakula, wapite meza kwa meza, na muelewane bei yao mapema kama munavyoelewana na mwenye sale. Diji aanze kisha.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi