Waziri kiongozi aliyeendelea kupima wagonjwa

Mhariri, salamu. Julai 1 India wanaadhimisha siku ya madaktari, na wengi wetu tumeshapeleka ndugu kutibiwa kule lakini hatujui siku yenyewe ni ya nani. Ni ya Dk. Bidhan Chandra Roy, kazaliwa Julai 1, 1882 na kafariki tarehe hiyohiyo mwaka 1962, yaani siku ya bethidei yake kabisa.

Huyu mzee mi namkubali toka moyoni. Ujanani alienda London kuomba nafasi ya kusoma hospitali ya St Bartholomew's, wakamkatalia, akarudi tena na tena, inasimuliwa aliomba kama mara 30 ndio wakamchukua, na ndani ya miaka miwili na ushee kashapata MRCP na FRCS zote mbili, zile sifa za juu za udaktari za Uingereza, moja ya tiba na moja ya upasuaji!

1948 akawa waziri kiongozi wa West Bengal, jimbo la India lililotoka kukatwa vipande 1947 India na Pakistan zilipotengana, wakimbizi wanamiminika Calcutta mpaka wanalala stesheni ya Sealdah, na yeye huku anapanga miji mipya, Durgapur, Kalyani. Ila kinachonigusa ni asubuhi zake, kabla ya ofisi anakaa nyumbani anaangalia wagonjwa, bure kabisa, foleni ikiisha ndio anaenda kwenye mafaili. Nyumba yenyewe akaitoa iwe hospitali kwa jina la mama yake, Aghorkamini.

Naomba mumwandikie makala ndefu, madaktari wetu walioingia siasa wapo na wanasoma gazeti hili.