Yah: Malalamiko kuhusu SSD (diski ya kompyuta) mnayoiuza kwa maandishi kuwa inakubali Windows 7

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Risiti mnayo, namba ya diski mnayo, na masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe, kwa hiyo naanza na simu ya Jumanne.

Nilisubiri dakika 47 nikisikiliza muziki wenu. Kijana aliyepokea alinisikiliza nusu, akasema "subiri kidogo", akadhani amenizimia sauti. Hakunizimia. Nikamsikia akimwambia mwenzake: "Kuna mwingine hapa wa Windows 7." Wakacheka. Aliporudi alikuwa mpole kama anayetoa pole msibani: "Sakinisha Windows kwanza, halafu fungua draiva tuliyokutumia."

Nisakinishe kwanza! Tatizo langu tangu siku ya kwanza ni kwamba Windows 7 haisakinishiki kwenye diski yenu. Windows 7 ni ya mwaka 2009, na kisakinishi chake hakina draiva, yaani programu ya kuitambulisha diski, ya NVMe, ambayo ndiyo aina ya diski yenu. BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, inaiona diski yenu, jina lake lote limeandikwa pale. Nikifika mahali pa kuchagua diski, orodha ni tupu, naambiwa nipakie draiva. Draiva yenu ni faili la .exe, ambalo halifunguki mpaka Windows iwe imeshawaka. Kisakinishi kinataka draiva iliyofunguliwa, yaani faili za .inf na .sys. Yaani ufunguo mmeufungia ndani ya nyumba, halafu mnanicheka nikiwa nimesimama mlangoni.

(Na msianze kuniuliza: kwenye mipangilio ya BIOS, Secure Boot nilizima, CSM niliwasha. Kipanya na kibodi vilipoganda kwa sababu kisakinishi hicho hakiijui USB 3.0, nilitafuta kibodi ya zamani ya PS/2, ile isiyotumia USB. Hilo siwadai.)

Najua pia kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mashine yangu ya kudarizi inaendeshwa na programu isiyokubali toleo jingine, na kompyuta yake haiguswi na intaneti. Ningeweza kununua SSD ya SATA, aina ya zamani zaidi, ambayo Windows 7 huitambua bila kuombwa. Lakini boksi lenu, ubavuni, chini ya alama ya dhamana, limeandikwa "Windows 7, 8.1, 10". Nimelipiga picha.

Barua pepe niliyowaandikia wiki moja kabla ya simu hiyo mliijibu kwa sentensi moja: nibadilishe mfumo. Ya pili hamkuijibu kabisa.

Narudi kwenye simu, maana haijanitoka. Dakika 47. Kitambaa cha mteja wangu kiko kwenye fremu, herufi tatu za jina zimeshonwa, nne bado, na uzi unaning'inia. Hapo ndipo namsikia mtu anayelipwa kwa fedha zetu akisema "kuna mwingine". Kwa hiyo tuko wengi, na mnajua! Na hawakucheka wawili tu. Sauti ya tatu, ya mbali kidogo, iliuliza: "Kwani bado wapo?"

Tupo.

Usiku wa Ijumaa nilijitibu mwenyewe. Nilipachika viraka viwili vya Microsoft, KB2990941 na KB3087873, ndani ya boot.wim na install.wim, faili za kisakinishi cha Windows 7, nikawasha upya, diski yenu ikajitokeza kwenye orodha. Namba mbili tu. Yule kijana angenisomea kwa pumzi moja, akabaki na muda wa kucheka.

Nilipoanza kuandika nilitaka mambo mawili: mniombe radhi kwa maandishi, na muweke draiva kwenye tovuti yenu ikiwa faili zilizofunguliwa. Sasa nataka na fedha zangu. Zote, si nusu, na diski mtakuja kuichukua kwa gharama yenu. Nataka pia maneno "Windows 7" yatoke kwenye boksi hadi hapo draiva itakapokuwepo.

Nawapa siku saba. Hapana, tano, saba mlishazitumia kwenye barua pepe ya pili. Siku ya sita picha ya boksi, barua pepe zenu na rekodi ya simu, ambayo ninyi wenyewe mlinitangazia mwanzoni kuwa inarekodiwa nami nikarekodi, zitakuwa mezani kwa mamlaka ya kulinda walaji. Nakala itakwenda kwa kila "mwingine" nitakayempata.

Wenu, ambaye bado yupo,
Mteja