Kinanda kimoja, kwa nini Canter?

Wiki iliyopita mteja wa Ipagala, hapa Dodoma, alinikatia simu nilipomtajia bei ya kumhamishia kinanda kwa Canter, lori langu dogo. "Kinanda kimoja tu kaka, uniletee Canter? Kirikuu ananichukulia kwa elfu arobaini!" Si wa kwanza kulalamika hivyo, ndiyo maana naandika.

Hicho anachoita kinanda kimoja ni piano ya kusimama. Ndani ina fremu ya chuma kizito iliyobeba nyuzi zaidi ya 200. Upana ni kama mita moja na nusu, uzito kilo 200 hadi 300. Hizi kirikuu, pikapu ndogo za Japani, zimetengenezwa kubeba kilo 350. Pakia piano, pandisha na vijana wawili wa kuishikilia, uzito umeshafika. Na bodi lenyewe linaishia magotini, wakati piano inakufika kifuani.

Mwaka jana tuliitwa Nkuhungu kumalizia kazi ya namna hiyo. Wenye kirikuu walifunga kamba ya manila raundi mbili, kijana mmoja akaegemea kama kizuizi. Tuta la kwanza piano ikalala ubavu, mguu wa mbele ukakatika na kifuniko cha vitufe kikapasuka. Mama mwenye mzigo alikuwa ameokoa elfu sitini. Seremala na fundi wa piano walichukua zaidi ya hizo, na sisi akatulipa bei ileile aliyoikataa asubuhi, maana kuishusha pale kulihitaji wanaume wanne.

Mimi piano siilazi. Inasimama, mgongo kwenye ukuta wa mbele wa bodi, blanketi katikati, mikanda miwili ya kukaza imeshikwa kwenye vyuma vya gari. Tena nataka Canter yenye bodi la boksi lililofungwa, maana kuna jua, na kuna vumbi letu hili la kuingia hadi kwenye meno. Vile vigurudumu vya chini ni vya kuisogeza sebuleni, si vya kuiburuza kwenye changarawe.

Kinanda cha umeme ni habari nyingine kabisa. Cha vitufe 61 kinaingia Probox. Cha 88 kina karibu mita 1.3 au 1.4 kabla ya begi. Laza siti za Noah, umemaliza. Hapo ukiniita na Canter nitakwambia usipoteze hela. Ila pima mlango wa nyuma, usipime sakafu peke yake. Wanakwaya fulani walikwama wakaamua kwenda na buti wazi, limefungwa kamba, hadi Hombolo. Vitufe vilikuwa vinakwaruza kwa vumbi kama mtu anasaga ulezi.

 

Kuna na lawama ya "mmetuharibia sauti", hasa kwa piano zinazotoka Dar. Hiyo naikataa. Piano iliyozoea unyevu wa pwani ikifika kwenye ukavu wetu wa kiangazi, ubao wake wa sauti husinyaa na sauti ya nyuzi hushuka, hata ungeibeba mgongoni kilomita zote 450. Iache itulie wiki mbili tatu, ndipo umwite fundi.

Yule wa Ipagala alipiga tena jana, safari hii kwa upole. Nimemwambia kwanza apime mlango wa sebule yake.