Barua kwa mwanangu aliye Rajkot, India

Mwanangu Salma,

Salaam aleikum. Picha yako mama yako amenionyesha jana. Mifupa ya shingo imetoka. Unakula?

Umeandika kwamba Shrimad Rajchandra, yule mwalimu wa dini ya Kijaini, amekuingia moyoni. Mimi namjua kabla hujazaliwa. Tajiri wangu wa duka la usonara aliitundika picha yake juu ya kasha la fedha: amekaa, kifua wazi, mbavu zinahesabika. Kila nikifuta mizani tulikuwa tunatazamana.

Rajchandra alikuwa mtu wa vito, Bombay, ana mke na watoto. Biashara ikiisha tu, anafungua daftari lake la dini. Gandhi alikutana naye 1891 akitoka Uingereza, akamheshimu maisha yake yote. Na ile Atmasiddhi, shairi lake la roho, beti 142, aliiandika mjini Nadiad mwaka 1896 kwa kikao kimoja, mfuasi wake Ambalal amemshikia taa. Mimi humuwaza huyo wa taa. Mkono ulimuuma, hakuishusha.

Lakini Rajchandra alifia huko huko Rajkot, 1901, ana miaka 33, mwili umekwisha. Hilo hukuliandika. Wajaini jua likizama hawali, sawa, ni dini yao. Wewe darasani unatoka magharibi. Ndiyo unalala njaa? Nilikuambia ubane matumizi. Sikusema ubane tumbo. Labda sikulisema vizuri.

Ulipopata nafasi ya famasia nilizunguka na ile barua mpaka msikitini, kila mtu aliisoma. Sasa wananiuliza habari zako sina, maana simu hupigi.

Tajiri alipenda kusimulia ule mkataba wa vito: bei ikapanda, mwenzake aliyeahidi kumuuzia kwa bei ya zamani akawa anafilisika, Rajchandra akaichana karatasi mbele yake. Niliisikia miaka na miaka, na karatasi ya deni la baba yako mdogo nimeiweka kabatini. Ndiyo maana hakuja kukuaga. Juzi nimempelekea mwenyewe.

Kesho anakuja kututengenezea pampu, imekufa tena, tunachota kwa jirani. Bibi yako magoti yametulia kidogo. Mama yako anauliza kama unga wa mahindi unapatikana huko, au rotla, ile mikate ya uwele, zinakutosha.

Pesa nimetuma asubuhi. Si za vitabu. Ukikaa kula nipigie kwa video, niione sahani.

Baba yako