Handaki ni la wenye miguu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nichangie makala mliyoitoa kuhusu mahema "yasiyopenya risasi". Mwandishi wenu alikwenda kwenye maonyesho ya mahema hayo, akasifu urefu wa kuta zake na kasi ya vipande ambavyo mabamba yake yanazuia. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, sasa nimestaafu, na miaka 9 ya kazi yangu niliifanya chini ya turubai, katika hospitali za muda zilizowekwa karibu na mapigano. Nchi sitazitaja, wala shirika lililonituma. Nina jambo moja tu la kusema: mtu anayeweza kukimbia achimbiwe handaki. Deraya ya hema, yaani mabamba ya kukinga yanayozungushiwa kuta zake, ni ya yule aliyefungwa dripu, na huyo makala yenu haikumtaja hata mara moja.

King'ora kilipolia, wodi yetu ya vitanda 20 iligawanyika papo hapo. Wenye miguu walitoka. Handaki lilikuwa hatua 40 kutoka mlangoni, na nilishawahi kumwona mzee wa magongo akizimaliza kabla ya walinzi. Waliobaki ni wale ambao ukiwagusa vibaya unawaua: kijana ambaye mguu wake umening'inizwa kwa uzito, mama aliyetoka kupasuliwa saa mbili zilizopita, mtoto mwenye mrija kifuani. Tuliwashusha sakafuni na magodoro yao, mmoja mmoja, chupa ya dripu tukailaza juu ya tumbo, kisha na sisi tukajilaza katikati yao. Kati yetu na nje palikuwa na kitambaa tu. Mchana ungeweza kumtambua mtu kwa kivuli chake akipita ng'ambo.

Usiku mmoja makombora ya mota yalianguka upande wa jenereta. Kulipokucha nilihesabu matundu 11 katika turubai la wodi. Kumi yalikuwa juu ya usawa wa kiuno changu. Moja lilikuwa chini, na kipande kilichopita hapo nilikikuta kimezama kwenye mguu wa meza ya dawa. Kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kimepinda, na kingo zake zinakwaruza kama kopo lililokatwa kwa kisu. Kitanda kilichokuwa nyuma ya meza hiyo kilikuwa kitupu kwa sababu mwenyewe alikuwa sakafuni upande wa pili. Ningependa kusema tulipanga hivyo, lakini tulimweka pale kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi.

Nimeeleza habari ya matundu kwa sababu. Kombora likipasukia ardhini, vipande vyake vingi hutawanyika pembeni na kupanda juu, ndiyo maana askari hufundishwa kulala kifudifudi. Kwa hiyo ukuta mfupi wa mita moja, uliozunguka wodi bila kukatika, humfaa mgonjwa aliyelala kuliko ukuta mrefu ulioanza vizuri ukaishia nusu kwa kuwa mabamba yamekwisha. Makala yenu ilisifu urefu wa ukuta. Mimi ningeuliza kwanza kama unafunga duara.

Chukua hema la mita 6 kwa 10. Mzunguko wake ni mita 32. Ukitaka kulizungushia chuma cha unene wa milimita 6 hadi urefu wa mita 2, unahitaji mita 64 za mraba, na kila mita moja ya mraba ya chuma hicho ina uzito wa kilo 47 hivi. Hizo ni tani 3 kwa wodi moja, kabla hujagusa chumba cha upasuaji. Kata urefu uwe mita moja, unabaki na tani moja na nusu. Ndiyo sababu watu wamehangaika kutafuta kitu chepesi. Huko Marekani, maabara ya jeshi ya Natick ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Maine kutengeneza mabamba ya mchanganyiko wa nyuzi ambayo askari 4 wanaweza kuyapanga kulizunguka hema la futi 20 kwa 32 kwa muda usiozidi nusu saa, bila winchi na bila hata bisibisi. Kwangu mimi hiyo nusu saa ina thamani kuliko sifa nyingine zote, kwa sababu hospitali ya muda huhama, na kinga inayohitaji wiki nzima kufungwa itabaki kwenye masanduku siku ya kwanza. Siku ya kwanza ndiyo mbaya.

Mabamba yetu sisi hayakuwa hayo. Yalitoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja, yakafika na kijitabu chembamba, na tukayafunga kwa makosa karibu yote yanayowezekana. La kwanza, tuliyaning'iniza kwenye fremu ya hema. Upepo wa kwanza wa maana ulipovuma, nguzo mbili zilipinda na turubai likashuka hadi juu ya kitanda namba 14, mgonjwa akawa analisukuma kwa mkono huku ananitukana. Tukayashusha, tukayasimamisha kwa miguu yake yenyewe, tukakandamiza miguu hiyo kwa viroba vya mchanga. Hema limeumbwa kubeba kitambaa na mvua. Atakayewauzia deraya ya kuning'iniza, mwambieni kwanza aning'inie yeye.

La pili linanitia haya hadi leo. Kila bamba lilikuwa na uso wa kupokea kipigo na mgongo, na stika iliyoonyesha upande wa nje iliandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua kati yetu. Tuliona stika ni nzuri, ina picha, tukazielekeza ndani ili wagonjwa wazione. Zilikaa hivyo siku 12. Aliyetushtua ni dereva wa lori, alikuja kushusha oksijeni tu, akasimama mlangoni akauliza kama tunajikinga na wagonjwa.

Halafu usafi. Wodi ya majeruhi huoshwa, Mhariri, na sisi tulikuwa tunaipiga klorini ya asilimia 0.5 kila kulipotoka damu. Muuzaji hakuwahi kuwaza kwamba bamba lake litanyunyiziwa. Nyuzi za aramidi, ambazo hutengenezea deraya, jamii ya ile Kevlar aliyoivumbua Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont mwaka 1965, hazipendi klorini wala jua, na zikilowa maji uwezo wake wa kuzuia hupungua isipokuwa ziwe zimetiwa dawa ya kuzuia unyevu. Zile za polithini ngumu hazijali maji lakini joto kali huzilegeza. Kwa hiyo ganda la nje la bamba, lile linaloonekana kama urembo tu, ndilo linaloamua kama litafika mwaka wa pili. Yetu yalikuwa yameshonwa kwa uzi, na maji yalipenya kwenye matundu ya sindano. Tulikuja kujua tulipolibeba moja likatuchuruzikia miguuni.

Sasa nifike kwenye neno "kuzuia", maana hapo makala yenu ilinikera. Mwandishi alinukuu kasi ya mita kadhaa kwa sekunde kama ndiyo kasi ambayo bamba "linazuia". Alichopewa ni kipimo kinachoitwa V50. Hupigwa vipande vya chuma vya mfano, cha kawaida kikiwa na uzito wa gramu 1.1, na V50 ni ile kasi ambayo nusu ya vipande hupenya na nusu hunaswa. Yaani namba aliyoitaja muuzaji kwa majivuno ni kasi ambayo bamba lake hushindwa mara moja katika kila mara mbili. Si uongo, na mafundi wanaielewa wakiiona. Lakini msomaji wenu ataelewa kwamba hapo yuko salama.

Tena kuzuia nini? Kipande cha mota na risasi ya bunduki ni maradhi mawili tofauti. Kwa kipimo cha NIJ, taasisi ya serikali ya Marekani, kilichozoeleka miaka mingi hadi majina ya madaraja yalipobadilishwa mwaka 2023, daraja la IIIA lilikuwa la risasi za bastola. Daraja la III ndilo lililokuwa la bunduki, risasi ya milimita 7.62 yenye gramu 9.6 ikija kwa kasi ya mita 847 kwa sekunde. Bamba linalonasa vipande vizuri kabisa linaweza kutobolewa na risasi hiyo. Sisi hatukulilia la bunduki, kwa sababu waliotuumiza ni vipande, na kila kilo tuliyookoa kwenye ukuta ilikuwa kilo ya dawa kwenye ndege. Mwingine atakuwa na hesabu tofauti. Ila aifanye hiyo hesabu kabla ya kununua.

Kuna watakaosema mbona mchanga upo. Upo, na ninauheshimu. Yale makapu ya waya na kitambaa yanayojazwa udongo, ambayo Mwingereza Jimi Heselden, aliyewahi kuchimba makaa ya mawe, aliyabuni mwishoni mwa miaka ya 1980, yameokoa watu wengi kuliko bamba lolote. Lakini kapu linataka trekta la kulijaza na ardhi inayochimbika, na upana wake mara nyingi hupita mita moja, kwa hiyo ukilizungushia hema, machela haipiti tena kati ya wodi na upasuaji. Viroba vidogo tulijaza wenyewe kwa koleo. Tulijifunza kutotia kokoto, kwa sababu kiroba cha kokoto kikipigwa, mawe nayo huwa vipande. Na vile vya plastiki jua liliviharibu kwa miezi michache tu, ukikishika kinabaki mkononi kama karatasi iliyolowa na mchanga unamwagika chini. Tuliishia kuchanganya: kapu upande wa barabara, mabamba kwingine kote.

Nisiifanye deraya iwe dawa ya kila kitu. Tarehe 21 Desemba 2004, katika kambi ya Wamarekani karibu na Mosul, Iraki, mtu aliingia kwenye hema la kulia chakula wakati wa mlo wa mchana akajilipua. Walikufa watu 22. Ukuta wa nje usingesaidia, maana hatari iliingia kwa miguu. Kingesaidia kizigeu cha deraya ndani, kinachokata ukumbi vipandevipande ili mlipuko mmoja usiwafikie wote. Ndiyo maana hata wodini nilisisitiza mabamba mawili yatolewe ukutani yawekwe katikati, kati ya vitanda vya 10 na vya 11. Wenzangu walinuna kwa sababu yalizuia kuona wodi nzima kutoka mezani, na kwa upande huo walikuwa sahihi.

Wimbi la mlipuko nalo halinaswi na bamba jinsi kipande kinavyonaswa. Makombora ya Iran yalipoipiga kambi ya Al Asad, Iraki, tarehe 8 Januari 2020, hakuna Mmarekani aliyekufa, lakini askari zaidi ya 100 waligundulika baadaye kuwa na majeraha ya ubongo. Na juu ya kichwa tuko wazi kabisa. Droni iliyowaua askari 3 wa Kimarekani huko Jordan tarehe 28 Januari 2024 iliangukia mahali wanapolala. Paa la deraya linawezekana, ila lazima lisimame kwa nguzo zake lenyewe, mbali na hema, na hapo tumeshaacha habari ya kitu cha kubebeka.

Kuna jambo dogo ambalo sijaona likiandikwa popote. Hema likishika moto, mtu hutoka kwa kupasua ukuta. Ukishaliwekea deraya, ukuta haupasuki tena. Tulikata mlango wa pili upande wa mashariki, tukauwekea bamba la kujitenga nje yake hatua mbili, watu wanalizunguka. Joto pia: pembeni hapakunjiki tena, na wagonjwa wa kuungua waliteseka mchana hadi tulipoacha nafasi juu ya mabamba wazi. Hiyo ni faida nyingine ya ukuta mfupi.

Kuna daktari mmoja aliyekataa yote haya. Alisema hospitali yenye deraya itaonekana ngome, na kwamba kinga yetu ni ile alama kwenye paa na Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, ambao kifungu chake cha 19 kinakataza katu kushambulia vituo vya tiba. Tulibishana naye wiki nzima. Nilikubali kwamba alama ibaki kubwa na mabamba yafunikwe kwa kitambaa cheupe. Lakini kifungu hichohicho kinataka, kadiri inavyowezekana, vituo viwekwe mahali ambapo mashambulizi dhidi ya malengo ya kijeshi hayatavihatarisha, na kipande cha mota kilichokosa shabaha hakisomi alama.

Mwandishi wenu akialikwa tena kwenye maonyesho kama yale, namwomba asiridhike na kusimama nje akipigwa picha na bamba. Asubiri giza, taa iwashwe nje ya hema na izungushwe polepole, yeye alale kitandani ndani, kichwa kwenye mto. Kila anapouona mwanga chini ya usawa wa godoro au kwenye kona mabamba yanapokutana, achore alama kwa chaki. Sisi tulipofanya hivyo mara ya kwanza tulipata alama 23, na iliyokuwa pana kuliko zote, ya vidole viwili, ilikuwa mkabala na mto wa yule mtoto mwenye mrija.

Wako,
Muuguzi mstaafu