Salamu za Krismasi kwa walioondoka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Heri ya Krismasi kwenu nyote: mlioko nyumbani, mlio njiani kwenda Moshi mmepakata mabegi na watoto, mlio zamu wodini au getini usiku wa mkesha, na ninyi wa ughaibuni mnaoikuta sikukuu kwenye baridi, mbali na moshi wa ndafu.

Mwaka huu salamu zangu nazielekeza zaidi kwa watu ambao kwa kawaida hatuwakumbuki tunapotuma salamu. Ni walioondoka. Wapo waliotengwa na Meza ya Bwana, yaani Chakula cha Bwana, na wapo waliojitenga wenyewe kwa aibu kabla hawajaitwa na wazee wa kanisa. Wengine waliacha taratibu tu, Jumapili moja ikazaa ya pili, na leo wanaona haya kuonekana na mavazi mapya siku ya tarehe 25 kwa sababu wanajua yatakayosemwa nje baada ya ibada: "Huyu naye, leo kaja!"

Majilio haya, majuma ya kungojea Krismasi, nimekuwa nikisoma kitabu cha nabii Hosea, ambacho si cha kwanza kufikiriwa Krismasi ikikaribia. Hosea alihubiri katika Israeli, ufalme wa kaskazini, karne ya 8 kabla ya Kristo, siku za Yeroboamu wa pili. Nchi ilikuwa na neema. Madhabahu zilikuwa nyingi, na watu walimwendea Baali, mungu wa Wakanaani, kuomba mvua na mavuno huku jina la Bwana halijawatoka mdomoni. Hosea akaagizwa amwoe Gomeri binti Diblaimu, mwanamke asiye mwaminifu, ili nyumba yake iwe mahubiri.

Wakazaliwa watoto watatu: Yezreeli, kisha binti aliyeitwa Asiyehurumiwa, kisha mvulana aliyeitwa Si Watu Wangu. Sisi ambao tuna kina Shida, Tabu na Sikujua katika kila ukoo hatuhitaji kufafanuliwa sana hapa. Kila mama alipoita watoto waje kula, jirani alisikia nyumba hiyo ina ugomvi gani na Mungu.

Linalonikamata zaidi liko sura ya pili. Mke amewafuata wapenzi wake akiamini ndio wanaompa mkate na maji, sufu na kitani, mafuta na vinywaji. Mume, ambaye hapa ni Mungu mwenyewe, analalamika kwamba mke hajui kuwa ni yeye mwenyewe aliyekuwa anampa nafaka, divai na mafuta, na kumwongezea fedha na dhahabu ambazo zilitumika kwa Baali. Yaani wakati wote wa kuondoka kwake, posho ilikuwa inatoka kule kule alikokukimbia. Sijui kama kuna aya nyingine katika Agano la Kale inayoeleza maisha yetu ya mjini kwa ukweli kama hii. Mshahara umeingia, mtoto amepona, gari limepita salama daraja la Wami, na shukrani tumepeleka pengine.

Kisha sura ya tatu, yenye aya tano tu. Hosea anaambiwa aende tena akampende mwanamke aliye mzinzi, kama vile Bwana anavyowapenda wana wa Israeli ingawa wanaigeukia miungu mingine na kupenda mikate ya zabibu. (Waoka keki za Krismasi wasiwe na wasiwasi, kosa halikuwa zabibu, lilikuwa madhabahu ilikopelekwa mikate hiyo.) Akaenda, akamnunua kwa vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Katika Kutoka 21, fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe ni shekeli 30. Ndiyo maana wafafanuzi wengi wanaona hapa mtu ambaye fedha mkononi hazikutosha, akajazia kwa nafaka ya ghalani. Na wengi tunamsoma mwanamke huyo kuwa ni Gomeri yule yule. Mume analipia mke aliye wake tayari, hadharani, na kila mtu anajua kwa nini amefika pale.

Niseme jambo moja hapa, kwa sababu nimesikia kitabu hiki kikitumiwa vibaya. Hosea hakuandikiwa mama anayepigwa ili aambiwe arudi akavumilie. Katika hadithi hii aliyetendewa ubaya ni yule yule aliyeamua kwa hiari kulipa gharama, na anamwakilisha Mungu. Asitokee mtu wa kumtwika mwingine gharama hiyo kwa kufungua Biblia mbele yake.

Wala upendo huu si wa kubembeleza tu. Mungu wa Hosea anasema atawakabili watu wake kama dubu aliyenyang'anywa watoto, na Samaria, mji wao mkuu, kweli ilianguka mikononi mwa Waashuru mwaka 722 kabla ya Kristo. Waliochagua njia ile walifika mwisho wake. Ila katikati ya maneno hayo makali, sura ya 11, sauti inabadilika ghafla, inakuwa ya mzazi: nilimfundisha Efraimu, yaani Israeli, kutembea, niliwashika mikono. "Nikuacheje, Efraimu?" Sababu ya kutowaangamiza haitafutwi kwao, maana hakuna jema walilofanya. Anasema ni kwa kuwa yeye ni Mungu wala si mwanadamu, Mtakatifu aliye kati yao.

Aliye kati yao. Hapo Hosea anaingia Bethlehemu. Sura hiyo ya 11 inaanza kwa Mungu kusema alimwita mwanawe kutoka Misri, na Mathayo anauchukua mstari huo na kuuweka juu ya mtoto aliyebebwa usiku kumkimbia Herode. Kwa Hosea, mwana huyo ni taifa ambalo kadiri lilivyoitwa ndivyo lilivyozidi kwenda mbali. Kwa Mathayo ni mtoto mmoja anayepita tena njia ile ile ya Misri kwa niaba ya wote walioipotosha, na huyu hageuki.

Hata Yusufu ninamwona tofauti mwaka huu. Kwa siku kadhaa alidhani yuko mahali alipokuwa Hosea: mchumba ana mimba, na si yake. Alikuwa mtu wa haki na hakutaka kumwaibisha, akaazimu kumwacha kwa siri. Mariamu hakuwa na kosa lolote, lakini Yusufu hakulijua hilo mpaka malaika alipomjia ndotoni, na uamuzi aliokuwa ameufikia hadi hapo ulikuwa wa upole kuliko wengi wetu tungefanya. Mwokozi wa wasio waaminifu alikulia mikononi mwa mtu aliyeonja, japo kwa kudhani tu, uchungu wa kusalitiwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeondoka, mtoto wa Krismasi hakutumwa kama zawadi ya watu waliomaliza mwaka vizuri. Malaika alipomweleza Yusufu jina la mtoto, alitaja kabisa dhambi za watu atakaowaokoa. Ukikaa nyumbani tarehe 25 kwa kuona hufai, basi na sisi wengine wote tungebaki nyumbani, mhubiri akiwa wa kwanza.

Najua kurudi kundini mbele ya usharika mzima si jambo jepesi, miguu inakuwa mizito pale mbele. Mwone mchungaji au mzee wa mtaa wako kabla ya Jumapili, mzungumze kwa faragha. Taratibu zipo na hazimezi mtu. Deni la ahadi ya sadaka lisikuzuie, bahasha itasubiri. Na sisi tuliobaki ndani tuombe neema ya kufunga midomo pale nje baada ya ibada, tumpe mkono tu huyo aliyekuja, tumwulize watoto hawajambo, na mwenye pilau amkaribishe.

Kwenu nyote, na kwa wazazi kijijini, shikamooni. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye amani.